Wimbo wa Ndani Ulipofika Barabarani

Chanika, 12 Januari 2025

Mpendwa Shangazi Mwajabu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Mohoro, na mguu wa Mzee Mbwana umepoa. Sie huku hatujambo. Anwar anaota meno, anauma kila anachokishika, juzi kauma mpaka mguu wa meza. Nassibu bado yuko kiwandani Wazo, anakuja Jumamosi jioni, Jumatatu alfajiri keshaondoka. Nusaiba kaingia darasa la tatu, anakusalimia sana.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu yenu haina siri. Mara ya mwisho nilipopiga, Mzee Mbwana aliweka spika, nikasikia hadi jirani yenu ananiitikia.

Shangazi, nimepata kazi isiyo na malipo na nimeipenda. Pale shuleni kwa Nusaiba kuna skauti wadogo wa kike, wanaitwa kabu, wa miaka saba mpaka kumi. Mwalimu aliyekuwa anawaongoza kahamishiwa Songea. Mwalimu mkuu, Mwalimu Elinaza, akaniita ofisini. Nikaenda naogopa, nikajua Nusaiba kavunja kitu. Akaniambia, "Mama Nusaiba, kila Jumamosi nakuona umesimama kwenye uzio unaangalia. Si uingie tu?" Nikamwambia mie nimeishia la saba. Akasema yeye hatafuti mtu wa kufundisha hesabu.

Basi nimehudhuria semina, nimepewa filimbi, skafu na soksi ndefu. Watoto ni kumi na wanane. Kazi ni kuwachezesha, kuwafundisha mafundo ya kamba na kufuata alama njiani, na kuwazoesha kusaidia watu bila kudai chochote. Mwezi wa sita wataapishwa. Siku hiyo wazazi wanaalikwa, na kila mama anamvisha mwanawe skafu kwa mkono wake.

Ishu ni kwamba hawanisikii. Nikisema simameni wanakaa, nikisema kaeni wanakimbizana. Jumamosi iliyopita nimepuliza filimbi mpaka mbuzi wa jirani wakaja. Watoto hawakuja.

Ndipo nikakukumbuka wewe. Umewafunda mabinti wa Mohoro miaka yote hiyo na sijawahi kukusikia umepaza sauti. Tulipokuwa ndani kwako mie na wanao, siku za unyago wetu, ulikuwaga unakohoa tu, sie kimya. Unafanyaje? Na kama una kawimbo ka kuwachangamsha, nitumie kwa Khalfani, kondakta wa basi la Mohoro. Barua hii nampa yeye mkononi.

Ni mimi mwanao,
Chausiku


Mohoro, 2 Februari 2025

Kwako mwanangu Chausiku,

Marahaba. Tunamshukuru Mungu. Mguu wa Mzee Mbwana haujapoa ila ameacha kuuzungumzia, kwa hiyo nyumba imetulia. Spika nimemkataza. Anasema bila spika hasikii, nikamwambia basi asisikie. Mpake Anwar mafuta kidogo ya nazi kwenye fizi, na umpe mhogo mbichi autafune uache meza ipumzike.

Filimbi iweke kabatini. Filimbi ni ya refa. Mtoto ukimpulizia filimbi anajua umeshaishiwa. Jua jina lake, jina la mama yake, na kitu anachokiogopa. Ukishavijua hivyo kwa kila mmoja, ongea polepole. Anayetaka kusikia atasogea.

Unasema nimewafunda mabinti. Ni kweli, ni kazi, na kila kazi inataka wa kuipokea. Mwanangu mmoja yuko Mwanza anauza kwenye duka la dawa. Mwingine mumewe anasema mambo haya ni ushamba. Basi, tuyaache.

Kawimbo sina. Nyimbo zangu hazipandi basi.

Nusaiba ana miaka mingapi sasa? Usinitajie darasa, nitajie miaka.

Shangazi yako,
Mwajabu


Chanika, 23 Februari 2025

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Habari za huko na za maandalizi ya mwezi mtukufu? Sie wazima, Anwar kapata meno mawili ya chini na mhogo kaupenda. Nusaiba ana miaka tisa, anatimiza kumi mwezi wa kumi na moja.

Shangazi, maneno yako yamefanya kazi. Nimekaa na kila mtoto. Kuna mmoja anaitwa Lulu, mtukutu kuliko wote, kumbe anaogopa kuku. Nikamwambia mie naogopa bata. Tangu siku hiyo ananishikia mkono kama mzee mwenzangu. Filimbi sasa anachezea Anwar.

Jumamosi mbili zilizopita nilipanga alama za vijiti kwenye mashamba ya mihogo, mshale huku, mshale kule, wazifuate mpaka kwenye sufuria ya uji niliyoificha. Upepo ukageuza mshale mmoja, kikosi kizima kikaingia kwenye msingi wa nyumba ya mtu, wakamkuta fundi anakula chakula chake cha mchana. Wakamuuliza uji uko wapi. Yule fundi akawagawia mihogo yake, wakaona huo ndio mchezo wenyewe. Nilipowapata walikuwa wanampangia matofali kwa kumshukuru, Nusaiba kasimama anaelekeza kama kwake.

Na kuna kikongwe hapa jirani, Bibi Kokushubila, anaishi peke yake. Kila Jumamosi wanamjazia ndoo za maji na kumfagilia uwanja. Anawasubiri mlangoni keshavaa gauni la kanisani.

Halafu wimbo. Nilikosa wa kutembelea nikakumbuka ule wa kutwanga, uliotufundisha tulipokuwa ndani. Wana mdundo wake kwenye fito, wanaupiga chini huku wanatembea, unapendeza balaa. Usiwe na wasiwasi, maneno ya mwisho nimeyatoa yote, nimebakiza yale ya mchi na kinu. Nilijua utafurahi kusikia kitu chako kimefika Chanika.

Nijibu, Shangazi. Ramadhani njema.

Chausiku


Chanika, 27 Aprili 2025

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Idi ilipita bila neno lako. Khalfani anasema maji yamekata barabara na mabasi yanageuzia njiani. Naomba Mungu maji yasiwafikie. Kama hii itafika kabla ya ile ya Februari, isome hiyo kwanza.

Huku Nassibu mzima, watoto wazima. Mie ndiye si mzima sana.

Jumamosi ya tarehe kumi na mbili tulikuwa tunakwenda zahanati kuosha madirisha na kufyeka majani. Watoto wamebeba mafagio na fito, wakaanza wenyewe, fito chini, ule mdundo. Tukapita barazani kwa Mama Farhan. Yeye asili yake Ikwiriri. Baba mkwe wake yuko hapo anacheza bao na wenzake, yeye anapepeta mchele. Ungo ukamtoka mkononi.

"Chausiku," akaniita. "Hebu wasimamishe hao."

Nikawasimamisha.

"Unajua wanachoimba?"

"Wa kutwanga, Mama Farhan."

Wanawake wawili waliokuwa naye wakajifunika khanga usoni. Mmoja anacheka, mwingine hacheki. Mama Farhan akamwita mwanawe mdogo, Asha, akamtoa kwenye mstari, akamnyang'anya na ufagio. Wale wazee wa bao walikuwa wameinamisha vichwa kama wanatafuta kete chini. Hapo ndipo nilipoelewa, Shangazi. 

Kesho yake wakaja kwangu kina mama. "Umewacheza wanetu unyago kimyakimya?" "Wangu ana miaka saba, baba yake ananiuliza huo wimbo ni wa nini, nimjibu nini?" Nikasema maneno nimeyatoa. Wakazidi. Vaileth, mama yake Clara, ni mtu wa Mbeya, akataka kunitetea, akasema, "Jamani, watoto wanatwanga tu. Sisi kwetu tunatwanga kila siku." Wakamtazama wote. Akasema, "Kwani nyie mnatwanga nini?" Hapo hata aliyekuwa hacheki akacheka, ila watoto hawakurudishwa.

Kikosi kimebaki watano. Nusaiba, Lulu, Clara na wengine wawili ambao mama zao hawajui habari hizo. Mwalimu Elinaza akaniita. Yeye ni Mpare, akaniuliza wimbo wa kutwanga una ubaya gani. Nikashindwa kumwambia. Nikimweleza, nitakuwa nimeutoa nje mara ya pili. Akasema, "Mama Nusaiba, siwezi kutetea kitu nisichokijua. Wazazi wasiporudi mpaka siku ya kiapo, kikosi nitakifunga."

Shangazi, nifanye nini? Na niambie kweli, ni barabara tu au umekasirika?

Chausiku


Mohoro, 18 Mei 2025

Kwako Chausiku,

Marahaba. Maji yalifika bandani, mbuzi tukawaingiza ndani, wameshatoka sasa. Nyumba bado inanuka mbuzi. Mpunga wa bondeni umekwenda wote. Hatujambo.

Khalfani atakuambia barabara ilikatika, na ni kweli. Ilikatika mwezi wa nne. Barua yako ya Februari ilinifika kabla ya mfungo. Niliisoma nikaikunja nikakaa nayo. Nilisema moyoni, kumbe huyu ameshapata watoto wa kufunda na wangu wa Mohoro hana haja nao. Ningekuandikia siku ile ungeuacha huo wimbo mapema. Nalijua hilo, huna haja ya kuniandikia.

Sasa sikiliza. Unasema umeyatoa maneno. Ule wimbo hauko kwenye maneno. Uko kwenye mdundo. Mwanamke yeyote aliyechezwa upande wetu akisikia huo mdundo, maneno yanamjia mwenyewe kichwani, na yanamjia mbele ya baba mkwe. Ulimvua nguo Mama Farhan barazani kwake na hukujua. Ndiyo maana ana hasira, si kwa sababu ya mtoto.

Dawa yake iko. Aliyetoa cha ndani nje huwaendea waliochezwa, anapeleka udi na mchele wa kupika, anakaa mkekani katikati, na wao wanamsema. Kila mmoja anasema lake. Wewe hujibu. Hata wakikusingizia hujibu. Ukijitetea neno moja, kazi imeharibika, na hawatakukalisha tena.

Mwalimu wako mwambie ni jambo la kina mama na linashughulikiwa. Mpare ataelewa, nao wana ya kwao.

Mwajabu


Chanika, 8 Juni 2025

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Pole kwa mpunga. Nassibu amenipa godoro jipya la Mzee Mbwana, aupumzishe mguu, lile la zamani najua limelowa, Khalfani atalileta na barua hii. Idi ya juzi tulikuwa pamoja nyumbani, tumekula vizuri, Anwar sasa anasimama dede.

Nimekaa mkekani. Nilikwenda kwa Mama Farhan na udi na mchele kama ulivyosema. Alinitazama, akatazama mchele, akasema, "Nani kakuelekeza?" Nikamtajia jina lako. Akaingia ndani, nikadhani nimefukuzwa. Kumbe kaenda kutandika.

Wakanisema kuanzia baada ya alasiri. Wengine walinisema kwa ule wimbo. Mmoja akanisema kwa kuanika nguo zangu kwenye kamba yake mwaka juzi. Mwingine akasema, "Na zile soksi. Mama mzima umevaa soksi za magotini, unatembea na fito, unataka tukuiteje?" Nilikuwa nataka kucheka na kulia, sikufanya hata kimoja. Nilitazama mkono wangu tu. Mama Farhan alisema wa mwisho, na alisema kwa upole, na hilo ndilo lililoniuma. Akasema, "Ulinikuta na baba mkwe. Mpaka leo ananiita kwa kupitia mtoto."

Halafu akasema, "Na mdundo wenyewe uliukosea." Wakaangua kicheko, wakapika ule mchele, tukala.

Kuhusu watoto hawakuniahidi. Wamesema, kunisema wamenisema, imekwisha. Ila kuwatoa watoto wao waende na mie ni jambo lingine. Wanataka mtu mzima wa kunidhamini. Wakasema, "Kungwi wako ndiye aliyekutoa. Yeye aseme, huyu anashika watoto au hashiki."

Sikuombi uje. Najua barabara na najua magoti. Naandika tu ujue. Kiapo ni Jumamosi ya tarehe ishirini na nane.

Wale watano hawajakosa hata Jumamosi moja. Na wale waliokatazwa, Shangazi, wanakuja wanasimama nje ya uzio. Sikuwaita, naapa. Asha wa Mama Farhan anakuja na kipande chake cha kamba. Nikiwaonyesha fundo watano wa ndani, wa nje wanalifunga kwenye waya wa uzio. Jumatatu walimu wanakuta waya mzima una mafundo. Mwalimu Elinaza kakataza yasifunguliwe.

Umeandika kwamba wako sina haja nao. Shangazi, mie sikusoma kokote kushika watoto. Nilisoma kwako, ndani, kwenye kile chumba kisichokuwa na dirisha. Nikimvuta Lulu karibu naongea polepole, huyo ni wewe unaongea. Sina kwingine nilikojifunza.

Chausiku


Mohoro, 19 Juni 2025

Kwako Chausiku,

Marahaba. Godoro limefika, Mzee Mbwana amelilalia tangu juzi hataki kuamka.

Unaandika kwamba huniombi nije. Vizuri, maana siwezi. Wasalimie hao kina mama, waambie mchele walikula, sasa waje uwanjani waangalie wenyewe.

Mwajabu


Mohoro, 6 Julai 2025

Kwako mwanangu Chausiku,

Nimefika salama kutoka kwako. Khalfani alinikalisha nyuma ya dereva njia nzima na akamzuia kila aliyetaka kuniwekea mzigo miguuni. Magoti yameniuma siku tatu, leo nimetembea mpaka kisimani. Mzee Mbwana aliponiona nashuka aliuliza nimemletea nini, hakuuliza nimefikaje. Sahani za Bibi Kokushubila zimefika bila kuvunjika. Sikujua kama mtu aliyeniona siku moja anaweza kunipa sahani.

Pale kwako sikusema mengi, na wewe hukuniuliza. Ulipoguna uliponiona getini, ukanipokea kikapu, ukarudi kwa watoto, nilifurahi. Ungelia mbele yao ningekusema.

Nakuandikia jambo ambalo hukuliona, maana ulikuwa upande wa pili wa uwanja.

Nilipotoka huku nilikuwa na maneno mawili tayari. La kwanza ni la kuwaambia kina mama, kwamba wewe ni mwali wangu, nakudhamini, wakupe watoto. La pili lilikuwa lako. Nilikuwa nije nikuambie, baada ya hapo acha. Rudi Mohoro likizo zote, nikufundishe kazi yangu yote kabla macho hayajaisha, halafu Nusaiba naye tumweke ndani. Nilikuja na hayo njia nzima nayapanga.

Nikakaa kwenye mkeka nje ya uzio na Mama Farhan na wenzake. Wewe ulikuwa na wale watano mbele ya bendera, na wa nje wamejibana kwenye waya. Kulikuwa na kale katoto ka Mama Farhan, Asha, kanataka kuchungulia na hakaoni. Ukaja mpaka kwenye uzio. Hukumwambia aingie, maana mama yake hajakubali. Ulipiga goti upande wako, ukawa sawa na yeye, ukamsimulia kila kitu kinachofanyika, nani kasimama wapi, nani kashika nini, mpaka akatulia. Kisha ukamtazama mama yake, ukainamisha kichwa, ukarudi.  Mama Farhan aliuma midomo yake kwa ndani.

Ndipo akanigeukia. "Bi Mwajabu," akasema, "tumekuwa tunakungoja wewe. Huyu mwali wako unamdhamini?"

Nikasema, simdhamini.

Wote wakanigeukia. Yule wa kamba ya nguo akasema, "Makubwa."

Nikawaambia, mwali ndiye anayedhaminiwa. Mwali ni mtu niliyemtoa juzi, sijui atakwendaje. Huyu mnayeniulizia ni mwenzangu. Ana watoto wake anaowashika na mimi nina wangu, kazi ni moja. Mimi sidhamini mtu wa kazi yangu, namsalimia tu. Kama hamtaki kumpa wenu, msimpe, lakini msiniulize kama anaweza.

Nilipokwisha kusema nilijisikia mwenyewe nimesema nini, na sikuweza kulirudisha, wala sikutaka. Lile neno la pili niliondoka nalo hivyo hivyo.

Mama Farhan akasimama. Akaingiza mkono chini ya khanga yake akatoa skafu, imepigwa pasi. Nikatazama wengine. Kila mmoja alikuwa na skafu chini ya khanga. Walikuwa wamekuja nazo tangu nyumbani, mwanangu. Ndipo ukawaona wanaingia kwa lile geti wote pamoja, na watoto wao mbele. Wewe ukadhani nimewabembeleza.

Nusaiba akitimiza umri mtaamua wewe na baba yake, na yeye mwenyewe. Mlango uko wazi. Sitauliza tena.

Hayo niliyowaambia nilitaka uyasikie kwangu. Sikukuambia pale pale kwa sababu ulikuwa unawapanga wale watoto wote mstarini, wadogo mbele, na sikutaka upoteze mmoja.

Mwajabu